Kuumia mgongo kwa ajali ya baiskeli: nini hasa huvunjika, na nini huua baadaye

Ajali ya baiskeli ikitokea Shinyanga, Tabora au Kisumu, na aliyeanguka akashindwa kuinuka, maneno yanayosemwa palepale huwa ni yaleyale. Mmoja husema amevunjika mgongo, huyo ndiyo basi tena. Mwingine husema angevaa helmeti yasingemkuta. Wa tatu anataka pikipiki iitwe upesi, majeruhi apakiwe mshikaki, dereva mbele na mtu wa kumshikilia nyuma, akimbizwe hospitali. Wiki kadhaa baadaye, nyumbani kwa majeruhi, swali hugeuka na kuwa hili: amefanyiwa upasuaji na mgongo umeungwa, mbona hatembei?

Kila kauli kati ya hizo ina chembe ya ukweli iliyochanganyika na kosa ambalo linaweza kumgharimu mtu miguu yake, figo zake au uhai wake. Kosa la msingi ni kudhani kwamba kuumia mgongo ni tukio la sekunde moja ambalo likishapita hakuna la kufanya. Kwa kweli, sehemu kubwa ya matokeo huamuliwa na watu: dereva na mwendesha baiskeli kabla ya ajali, wapita njia katika dakika za kwanza baada yake, na majeruhi mwenyewe pamoja na ndugu zake kwa miaka yote inayofuata. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 15 duniani wanaishi na jeraha la aina hii, na linaeleza kuwa wanaoumia katika nchi zenye kipato cha chini hufa mapema zaidi kwa matatizo ambayo kwingine yamekwishadhibitiwa.

Mifupa ni kitu kimoja, ugwe ni kingine

Tunaposema uti wa mgongo tunataja vitu viwili kwa pamoja, na ni lazima tuvitenganishe kabla ya kuendelea. Cha kwanza ni safu ya mifupa midogo iitwayo pingili. Ziko 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, kisha zile zilizoungana nyuma ya nyonga na kumalizikia kwenye kifandugu. Cha pili ni ugwe wa mgongo, mkanda laini wa mishipa ya fahamu, mwembamba kuliko kidole gumba, unaoshuka kutoka kwenye ubongo ndani ya tundu la pingili hizo hadi karibu na mwanzo wa kiuno. Kupitia ugwe huo ubongo hutuma amri ya kuinua mguu au kubana mkojo, na kupitia ugwe huohuo ngozi ya unyayo hupeleka habari kwamba imekanyaga kaa la moto.

Mwenye baiskeli ya breki za waya atauelewa uhusiano wa viwili hivi upesi, kwa kuwa waya wa breki nao hupita ndani ya gamba gumu linaloulinda. Gamba linaweza kupasuka huku waya ukiendelea kuvuta vizuri, na waya unaweza kukatika ndani ya gamba ambalo kwa nje halina hata mchubuko. Fundi akibadilisha gamba peke yake hajaunga waya. Mfano huu una mpaka wake, kwa sababu waya mpya huuzwa dukani, lakini ugwe wa mgongo hauuzwi popote, na hadi leo hakuna daktari anayeweza kuushona ukarudi kufanya kazi kama zamani.

Kwa hiyo, mtu anaweza kuvunjika pingili na bado akatembea. Huyu ndiye aliye katika hatari ambayo watu hawaioni, kwa sababu mfupa uliovunjika unaweza kuhama na kuubana ugwe ambao ajali yenyewe iliuacha salama. Mwingine ugwe wake umepondwa kiasi, na baadhi ya habari bado zinapita, ingawa kwa shida. Madaktari huliita hili jeraha lisilo kamili, nalo ndilo lenye matumaini zaidi ya nafuu. Jeraha kamili ni lile ambalo chini ya mahali palipoumia hakuna hisia wala mwendo wowote, hata katika eneo la njia ya haja kubwa, ambalo ndilo daktari hulipima mwisho kwa sababu mishipa yake ndiyo ya chini kabisa kwenye ugwe. Upimaji huo huwafedhehesha wagonjwa wengi, nao hawaelezwi kwa nini unafanyika, lakini ndio unaotoa jibu ambalo picha peke yake haiwezi kutoa.

Siku za mwanzo hazitoi picha kamili. Baada ya kuumia, ugwe huweza kuzimika kwa muda hata katika sehemu ambazo hazikuharibika, na hali hiyo inaweza kuchukua siku au wiki kadhaa kabla ya kuachia. Ndiyo maana daktari makini hakubali kutoa ahadi wala kukata tamaa siku ya kwanza. Nafuu kubwa, kama itakuwapo, huonekana zaidi katika miezi 6 hadi 12 ya mwanzo, na baada ya hapo huendelea polepole.

Mahali palipoumia pana uzito kuliko neno lenyewe "kupooza". Ugwe ukiumia juu kabisa shingoni, kwenye pingili ya 3 au ya 4, hata misuli ya kuvuta pumzi huathirika. Ukiumia kwenye pingili ya 6 ya shingo, mtu huweza kukunja kiwiko na kuinua kifundo cha mkono, lakini vidole havishiki kijiko bila kifaa cha kusaidia. Ukiumia kifuani au kiunoni, mikono hubaki mizima na miguu ndiyo hupooza. Watu wawili wanaoitwa kwa jina moja, "waliovunjika uti wa mgongo", wanaweza kuwa na maisha yaliyo mbali kabisa, mmoja akisaidiwa kula, mwingine akifungua duka lake saa moja asubuhi.

Helmeti inalinda nini, na mgongo unalindwa na nini

Tuanze na helmeti kwa sababu ndiyo inayozungumzwa zaidi. Inafanya kazi, na anayeidharau anakosea. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, ukiunganisha taarifa za majeruhi wa baiskeli zaidi ya 64,000, ulionyesha kuwa waliovaa helmeti walikuwa na uwezekano pungufu kwa karibu nusu wa kuumia kichwa, na kwa karibu asilimia 70 wa kuumia kichwa vibaya. Kwa shingo, hata hivyo, uchambuzi huohuo haukuona kwamba helmeti inaongeza wala kupunguza majeraha. Helmeti ni kinga ya fuvu na ubongo. Haikutengenezwa kuzuia pingili zisipondwe.

Mfano unaojulikana ni wa Mjerumani Kristina Vogel, bingwa wa Olimpiki wa mbio za baiskeli za uwanjani katika michezo ya London 2012 na Rio 2016. Mwezi Juni 2018, akiwa na umri wa miaka 27, aligongana na mwendeshaji mwenzake mazoezini katika uwanja wa mji wa Cottbus, na ugwe wake ukaumia kwenye pingili ya 7 ya kifua. Alikuwa na vifaa vyote vya kinga na ujuzi ambao wachache duniani wanao, na uwanjani hapakuwa na lori wala shimo. Hakutembea tena. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa diwani katika mji wa Erfurt.

Mgongo huvunjika kwa njia chache zinazojulikana. Njia ya kwanza ni kurushwa mbele juu ya usukani na kutua kwa utosi, mwili wote ukija juu ya shingo iliyoinama kidogo. Ya pili ni kuanguka kwa makalio, ambako mshtuko hupanda moja kwa moja hadi pale pingili za kifua zinapokutana na za kiuno, mahali panapovunjika sana. Abiria aliyekaa upande kwenye kerieri, miguu yote ikiwa kushoto, huanguka hivyo mara nyingi baiskeli inaporuka shimo. Ya tatu ni kugongwa na gari kutoka nyuma. Khanga au mtandio ukinaswa na spoku unaweza kumvuta abiria chini kabla hata hajapata nafasi ya kupiga kelele, kwa hiyo nguo hiyo ikunjwe na kufungwa kabla ya kupanda.

Mzigo unastahili kutajwa peke yake. Mwendeshaji anayeleta mkaa mjini kwa baiskeli hubeba magunia ambayo kwa pamoja yanaweza kumzidi uzito yeye mwenyewe, na akishuka mlima mzigo huo ndio unaomsukuma yeye. Baiskeli nyingi kubwa za mizigo, Phoenix na jamii yake, zina breki za fimbo zinazobana vipande vya mpira kwenye rimu ya chuma, na rimu ya chuma ikilowa mvua breki hizo hushika kwa shida sana. Mwendeshaji akibana kwa hofu breki ya mbele peke yake, gurudumu la mbele husimama ghafla na mzigo ukaendelea na safari. Dawa yake haina ujuzi mkubwa ndani yake: mpira wa breki ubadilishwe kabla haujaisha, breki ya nyuma ianze kukamata kabla ya ile ya mbele, mzigo ufungwe chini na usizidi mabega kwa urefu, na penye mteremko mkali mtu ashuke atembee. Najua kwamba anayelipwa kwa gunia hashuki kwa hiari, lakini ushauri unaoficha sehemu hiyo haumsaidii.

Imani nyingine iliyoenea ni kwamba ni salama kuendesha upande wa kulia, ukitazamana na magari, ili uyaone yanapokuja. Ushauri huo unamfaa anayetembea kwa miguu. Kwa mwendesha baiskeli hesabu hugeuka. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likikutana uso kwa uso na baiskeli ya kilomita 15, mwendo wa kukaribiana ni 65, ilhali wakienda upande mmoja tofauti yao ni 35, na dereva anapata muda mara mbili hivi wa kukwepa. Zaidi ya hayo, dereva anayetoka barabara ya pembeni kuingia kushoto hutazama magari yanayotoka kulia kwake, na hamtarajii mtu anayetokea upande wa pili. Kaeni kushoto, lakini si ukingoni kabisa mwa lami, kwa sababu kijingazi kidogo kati ya lami na changarawe kinatosha kukuangusha chini ya gari linalokupita.

Lori linalokata kushoto ni hatari ya aina yake. Dereva aliye juu upande wa kulia hamwoni mtu aliye karibu na gurudumu la nyuma la kushoto, na tela linapokata kona hukatiza ndani zaidi kuliko kichwa cha lori. Usijipenyeze kati ya lori na ukingo wa barabara kwenye taa au makutano, hata kama nafasi inaonekana kutosha. Jioni nayo ina tatizo lake, kwani katika nchi zetu giza huingia upesi baada ya saa kumi na mbili na nusu, na baiskeli isiyo na taa nyekundu nyuma wala kiakisi mwanga huonekana pale tu breki za gari zinapokuwa zimechelewa.

Hata hivyo, kumbebesha mwendesha baiskeli jukumu lote si haki, wala si sahihi kisayansi. Nguvu ya mgongano huongezeka kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo gari la kilomita 60 kwa saa hugonga kwa nguvu mara nne ya lile la kilomita 30. Katika sekunde moja ambayo dereva anashtuka na kuhamisha mguu kwenda kwenye breki, gari la kilomita 50 kwa saa limekwishakwenda karibu mita 14, na la kilomita 30 mita 8 tu. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linapendekeza mwendo usiozidi kilomita 30 mahali ambapo magari yanachanganyika na waenda kwa miguu na baiskeli, wakati kikomo cha kawaida katika maeneo ya makazi ya Tanzania na Kenya ni 50. Njia za baiskeli zilizojengwa kando ya Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam na kando ya barabara kuu ya Thika huko Nairobi zinaonyesha kwamba jambo linawezekana, ingawa njia hizo huwa na faida pale tu pikipiki na meza za biashara zinapoziachia.

Mikono ya kwanza

Majeruhi akiwa chini, mfikie kwa kutokea mbele, mahali anapokuona bila kugeuza shingo, kisha mwambie: "Kaka, usigeuke, tulia hivyohivyo, nipo hapa." Magari yasimamishwe kwanza, kwa sababu mtu wa pili akigongwa hakuna aliyesaidiwa. Angalia kama anapumua. Kisha piga magoti nyuma ya kichwa chake, tuliza viwiko vyako chini au mapajani, na ushike kichwa kwa pande zote mbili kikae katika mstari mmoja na mwili. Usikivute wala kukinyoosha kwa nguvu. Kazi hiyo inachosha na inaonekana kama hufanyi lolote, lakini ndiyo yenye thamani kuliko zote zinazofanyika pale.

Dalili za kutia shaka ni maumivu ya shingo au mgongo, ganzi au udhaifu wa mikono au miguu, kutokwa na mkojo bila kujua, au mtu kupoteza fahamu. Wengi humwambia majeruhi achezeshe vidole vya miguu, na akivichezesha humwinua wakishangilia. Vidole kucheza ni habari njema kwamba ugwe bado unafanya kazi, na ndiyo sababu kubwa zaidi ya kutomwinua, kwani huenda pingili imevunjika na bado haijahama.

Pumzi hutangulia mgongo. Akitapika, au damu ikijaa mdomoni, lazima ageuzwe ubavu, lakini ageuzwe mzima kama gogo, kichwa, mabega, nyonga na miguu vikizunguka kwa pamoja. Watu wanne wanatosha: mmoja kichwani, ambaye ndiye anayehesabu na kuamuru, na watatu upande mmoja, kwenye bega, nyonga na miguu. Helmeti iachwe kichwani isipokuwa inazuia pumzi. Maji asipewe, hata akiyaomba, kwa kuwa anaweza kupaliwa na huenda akahitaji upasuaji.

Kwa usafiri, namba za dharura ni 112 kwa Tanzania, na 999 au 112 kwa Kenya. Wapo wasomaji watakaosema kwamba gari la wagonjwa halifiki kijijini kwao, na ni kweli. Basi atafutwe mwenye pikapu, majeruhi ahamishiwe kwa mtindo uleule wa gogo juu ya mlango uliong'olewa au ubao mpana, khanga zilizokunjwa ziwekwe pande mbili za kichwa, na mtu aendelee kukishikilia njia nzima huku gari likienda taratibu. Kuchelewa nusu saa kumpata mwenye gari ni afadhali kuliko mshikaki wa pikipiki, ambao hukalisha mwili uliovunjika, huukunja kiunoni na kuutikisa kwenye kila tuta, isipokuwa pale ambapo majeruhi anavuja damu isiyozuilika au anashindwa kupumua. Kabla ya safari, toa simu, funguo na sarafu kwenye mifuko yake ya nyuma. Ngozi isiyo na hisia inayolalia funguo kwa saa chache huanza kufa, na wapo wanaofika hospitali na kidonda cha kwanza tayari kimeanza.

Upasuaji, na ahadi zinazouzwa

Hospitali kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili, KCMC mjini Moshi, Bugando mjini Mwanza, au hospitali ya taifa ya majeruhi wa uti wa mgongo jijini Nairobi, daktari atapiga picha na kuamua kama pingili zinahitaji kufungwa kwa vyuma au mfupa unaobana ugwe uondolewe. Kufungua mbano mapema kunaweza kuokoa sehemu ya ugwe iliyobaki hai, na vyuma humwezesha mgonjwa kukalishwa na kuanza mazoezi mapema. Hizo ni faida kubwa, lakini turudi kwenye waya wa breki: kazi hiyo hufanyika kwenye gamba. Ndugu asiyeelezwa hivyo kabla ya upasuaji ataamini kwamba umeshindwa, na hapo ndipo huanza safari ya kutafuta wachuaji na wanyoosha mifupa.

Safari hiyo huumiza kwa njia mbili. Kukanda kwa nguvu mgongo ambao pingili zake hazijashikana kunaweza kuzihamisha, na maji ya moto au mawe yaliyopashwa yakiwekwa kwenye ngozi isiyohisi huunguza bila mgonjwa kulalamika. Mikazo ya ghafla ya miguu nayo huuzwa kama ushahidi kwamba dawa imefanya kazi. Kwa kawaida ni misuli inayojibu yenyewe bila amri ya ubongo, na ikiongezeka ghafla mara nyingi inatangaza kidonda au uambukizo wa mkojo.

Jambo moja la kiofisi lisisahaulike. Bima ya lazima ya gari inawahusu watu wa nje waliodhuriwa na gari hilo, akiwemo mwendesha baiskeli, kwa hiyo ajali iandikishwe polisi, namba ya gari inakiliwe na nakala za vyeti vya hospitali zitunzwe.

Kibofu na ngozi

Kabla ya miaka ya 1940, mtu aliyeumia ugwe alitarajiwa kufa ndani ya miezi au miaka michache, na kilichomuua hakikuwa ugwe wenyewe. Kilikuwa vidonda vya kulala na mkojo ulioharibu figo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alifungua kitengo katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, akaagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa 2 usiku na mchana na vibofu vyao visimamiwe kwa makini, na watu waliokuwa wameandikiwa kifo wakaanza kuishi, kufanya kazi na kushindana katika michezo. Hakuwa na dawa ya ugwe. Mambo hayohayo mawili ndiyo yanayoamua hadi leo, kwenye nyumba ya udongo kama kwenye hospitali kubwa.

Kitandani, mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, kisigino kikiwa kinaning'inia bila kugusa godoro. Kwenye kiti, mwenye mikono mizima ajiinue au ainame mbele na pembeni kila baada ya dakika 15 hadi 30, na akae hivyo dakika moja au mbili ili damu irudi kwenye ngozi. Kila asubuhi na jioni ngozi ikaguliwe kwa kioo: juu ya kifandugu, kwenye mifupa ya kukalia, pembeni mwa nyonga, visigino. Kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu. Tafuta doa lililokolea kuliko ngozi inayolizunguka, lenye joto au ugumu ukiligusa, ambalo halijaondoka nusu saa baada ya kuacha kulilalia. Mtu akiliona hilo, asikalie wala kulalia mahali hapo mpaka liishe. Siku tatu za kulala kifudifudi zinaudhi, lakini kidonda kilichofika mfupani huchukua miezi. Mito ya duara yenye tundu katikati, ambayo ndugu huinunua kwa nia njema, huongeza mbano pembezoni na haifai.

Kibofu kisichopokea amri hujaa bila taarifa, kisha hurudisha mkojo kuelekea kwenye figo. Njia bora kwa wengi ni kuutoa kwa mpira safi mwembamba unaoingizwa kwenye njia ya mkojo kila baada ya saa 4 hadi 6, kisha mpira ukaondolewa. Mwenye mikono mizima hujifunza kuifanya mwenyewe kwa mafunzo ya siku chache, akinawa mikono kwa sabuni kila mara. Anayebaki na mpira wa kudumu ahakikishe mfuko wa mkojo uko chini ya usawa wa kibofu, nao ubadilishwe kwa tarehe aliyopewa kliniki. Kosa ambalo nimelisikia mara nyingi ni kupunguza kunywa maji ili kupunguza usumbufu na gharama ya mipira. Mkojo mzito huzaa mawe na uambukizo, na gharama yake haina ulinganisho. Haja kubwa nayo hufundishika: wakati uleule kila siku au kila baada ya siku moja, nusu saa hivi baada ya chakula au chai ya moto, tumbo linapoamka lenyewe.

Kwa aliyeumia kwenye pingili ya 6 ya kifua au juu yake ipo dharura moja ambayo hata baadhi ya wahudumu wa afya hawaijui. Kibofu kikijaa, mpira ukikunjika, choo kikiganda au hata kucha ikiota ndani, mwili unaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla kufikia kiwango cha kupasua mshipa wa ubongo. Dalili ni kichwa kugonga kwa maumivu makali, uso kuwaka na jasho kutoka juu ya mahali palipoumia. Mkalishe wima mara moja, legeza mkanda na nguo zote, kisha tafuta chanzo ukianza na mkojo. Usimlaze. Presha isiposhuka, au chanzo kisipopatikana, apelekwe hospitali hapohapo. Kumbuka pia kwamba presha ya kawaida ya watu hawa huwa ya chini, pengine 90 hadi 110 kwa namba ya juu, kwa hiyo 140 ambayo muuguzi ataiona ya kawaida inaweza kuwa tayari ni hatari.

Watu huogopa kuuliza kuhusu ndoa. Mwanamke aliyeumia ugwe kwa kawaida hupata tena hedhi baada ya miezi kadhaa na anaweza kubeba mimba, ila ajifungulie hospitali inayolijua tatizo la presha nililolieleza. Mwanamume mara nyingi huhitaji msaada wa dawa au wa kitabibu, nao upo. Ndoa inaweza kuvunjika kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza wenyewe mambo haya mawili.

Kurudi barabarani

Kiti cha magurudumu kisichomfaa mtu kinaweza kumletea kidonda kipya. Viti vya hospitalini vinavyotolewa kama msaada mara nyingi ni vipana mno na havina mto, na magurudumu yake madogo ya mbele huzama mchangani. Kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu la mbele lililosogezwa mbele zaidi huenda vizuri kwenye njia zetu. Chuo cha TATCOT kilichopo Moshi hufundisha mafundi wa kupima na kutengeneza viti, na hao ndio wa kuulizwa kabla ya kupokea kiti chochote. Fundi seremala wa mtaani naye ana kazi yake, kwa maana kiti imara cha mbao chenye tundu, kikiwekwa juu ya choo cha shimo, humwondolea mtu haja ya kubebwa.

Waliozoea baiskeli wengi hurudi kwenye ile ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, ambayo inabeba bidhaa na kumfikisha mtu sokoni kwa jasho lake. Kiti chake kiwekwe mto uleule wa kinga, si ubao mtupu, na safari ikatishwe mara kwa mara ili mtu ajiinue. Miguu ifungwe kwa mkanda mpana juu ya kikanyagio, ndani ya viatu, kwa sababu mguu usiohisi ukidondoka na kuburuzwa kwenye lami mwenyewe hatajua hadi aone damu. Aliyeumia juu kifuani hatoi jasho la kutosha chini ya jeraha, kwa hiyo saa za jua kali abebe maji ya kunywa na kitambaa cha kulowesha shingo. Chombo chenyewe ni kifupi kiasi cha kujificha chini ya boneti ya lori, hivyo kifungwe kijiti kirefu chenye bendera nyekundu, viakisi pande zote nne na taa nyuma. Na kabla ya safari ya kwanza, fundi ahakikishe kwamba breki inaweza kufungwa ikabaki imefungwa yenyewe, kwa kuwa anayehama kutoka kwenye kiti kwenda kwenye baiskeli hana mguu wa kuizuia isisogee.